Sanamu Inayosimama kwa Kuachwa Icheze

Ukimpelekea fundi gari lako, akalishika gurudumu kwa mikono miwili na kulitikisa, kuna neno moja usilotaka kulisikia: "Hii inacheza, bosi." Kwa lugha ya gereji, kucheza ni ugonjwa. Beringi inacheza, stelingi inacheza, kesho utaliacha gari barabarani. Dawa yake ni kukaza, na kisichokazika hubadilishwa. Ndiyo maana ilinichukua muda kukubali kwamba sanamu maarufu kuliko zote duniani, ile ya Uhuru kwenye bandari ya New York, imesimama tangu mwaka 1886 kwa sababu ilijengwa icheze.

Upepo ukivuma kwa kilomita 80 kwa saa, mwili mzima wa yule mama huyumba hadi sentimita saba na nusu, na mwenge ulio mkononi mwake huyumba maradufu ya hapo. Aliyepanda hadi kwenye taji siku ya upepo akahisi sakafu inasogea chini ya miguu hakuota. Inasogea kweli, na waliojenga walitaka isogee.

Nayaleta haya kwa sababu mabishano yetu juu ya masanamu makubwa huwa ya aina moja. Tunabishania sura: anafanana, hafanani, mbona pua si yake. Tunabishania gharama. Tunabishania nani alistahili kuchongwa na nani kasahaulika. Yote ni maswali halali, na mimi mwenyewe nimeyashiriki kwa sauti ya juu. Lakini ukifika urefu wa mita arobaini kwenda juu, sura inakuwa sehemu nyepesi ya kazi. Kinachoamua kama watoto wa wajukuu wetu wataikuta sanamu au chuma chakavu ni jambo asiloliona mpita njia: ngozi imeshikanishwaje na mifupa, na nani anaingia humo ndani kutazama.

Tuanze na mwenye ndoto. Frédéric Auguste Bartholdi, mchongaji wa Kifaransa kutoka Colmar, alikuwa kijana alipofika Misri mara ya kwanza katika miaka ya 1850, na yale masanamu ya mawe ya mafarao yalimwingia akilini yakakataa kutoka. Mwaka 1869, mwaka wa kufunguliwa kwa Mfereji wa Suez, alikwenda kwa Khedive Ismail, mtawala wa Misri, na michoro: mnara wa taa wenye umbo la mwanamke wa shamba wa Kimisri, kajifunika vazi refu, kainua taa juu kwenye mlango wa mfereji. Khedive hakuinunua ndoto hiyo. Misri ilikuwa na madeni ya kutosha. Bartholdi alikuja kukana kwamba mama wa New York ni yule yule wa Suez aliyebadilishiwa nguo, ila ukiiweka michoro pamoja utaona mkono ule ule ulioinuka na vazi lile lile. Na kuna jambo jingine linalonichekesha: msingi wa sanamu kule New York ulisimamiwa na Charles Pomeroy Stone, jenerali wa Kimarekani aliyerudi kwao baada ya kumtumikia Khedive huyo huyo jeshini kwa zaidi ya miaka kumi. Suez ilikosa sanamu, lakini mhandisi wa msingi alitokea Misri.

Sasa ingia kiwandani. Karakana ya Gaget na Gauthier ilikuwa mtaa wa Chazelles, Paris, na kazi iliyofanyika humo ni ya kufundishia hesabu. Bartholdi alianza na kielelezo kidogo, kimo cha mtoto wa miaka saba. Kutoka hapo kikatengenezwa kingine cha mita 2.85, yaani moja ya kumi na sita ya ukubwa kamili. Kisha kingine, robo ya ukubwa kamili, ambacho peke yake kingetosha kuwa sanamu ya mji. Hicho cha robo kikakatwa vipande vipande, na kila kipande kikakuzwa mara nne kwa mbao na plasta, kwa kupima kutoka nukta hadi nukta kwa kamba za timazi na rula, maelfu kwa maelfu ya vipimo. Ukikosea milimita tano kwenye kielelezo cha robo, sentimita mbili nzima zinakusubiri mbele ya safari.

Plasta ilipokwisha, maseremala wakaja kuikumbatia kwa mbao. Walikata vipande vya ubao vikafuata kila mkunjo wa vazi na kila bonde la shavu, wakavifunga pamoja vikawa kalibu. Kisha likaletwa bamba la shaba nyekundu, likalazwa ndani ya kalibu, na watu wakaanza kugonga. Waligonga kwa nyundo za mbao na za chuma, wakalitia moto lilipokuwa gumu, wakagonga tena mpaka likafuata mbao. Aliyewahi kukaa karibu na mafundi bati anaijua sauti hiyo. Izidishe mara hamsini, chini ya paa moja. Mabamba yalifika takriban 300. Unene wa kila moja ni milimita 2.4, sawa na sarafu mbili zilizolaliana. Pua ya yule mama ina urefu wa mita 1.37, kidole chake cha shahada mita 2.44, na vyote ni ganda tu. Shaba yote kwa pamoja haizidi kilo 28,000 na ushei.

Hapo ndipo tatizo linapoanza. Una vazi la shaba lenye kimo cha mita 46 kutoka miguuni hadi ncha ya mwenge, na unene wake hauzidi sarafu mbili. Ukiliacha peke yake litajikunja kama karatasi ya sigara. Linataka kushikwa. Kushikwa vipi?

Mhandisi wa kwanza, Eugène Viollet-le-Duc, bingwa wa kukarabati makanisa ya kale ya Ufaransa, alikuwa na jibu la mtu wa mawe: kujaza mchanga. Alipanga kugawa tumbo la sanamu kuanzia nyonga kwenda chini katika vyumba, na kila chumba kijazwe mchanga ili uzito uizuie isipinduliwe na upepo. Kwa akili ya kawaida ni wazo zuri. Kitu kizito hakianguki. Lakini alifariki mwaka 1879, na kazi ikaenda kwa mtu wa madaraja. Gustave Eiffel alikuwa ameshavusha reli juu ya mabonde, na daraja la reli juu ya bonde humfunza mhandisi kwamba adui mkubwa si uzito bali ni upepo unaosukuma kutoka ubavuni. Hesabu na michoro aliiachia ofisi yake, hasa kijana Maurice Koechlin, yule yule ambaye mwaka 1884 angechora mchoro wa kwanza wa mnara ambao leo dunia nzima inauita kwa jina la bosi wake. Ndiyo mambo ya ofisini, hata Paris.

Jibu la Eiffel na Koechlin lilikuwa kuitenganisha ngozi na kazi ya kubeba. Katikati walisimamisha mnara wa chuma wenye nguzo nne zilizofungwa kwa mishazari, mfano wa nguzo kubwa za umeme zinazopita porini. Huo ndio uti wa mgongo. Kutoka kwenye uti wakatoa kiunzi cha pili, chepesi zaidi, kinachokaribia umbo la mwili. Kutoka kwenye kiunzi hicho zikatoka chuma bapa zenye kunyumbuka, zinazofanya kazi kama springi za gari. Mwisho wa safari upo wavu wa vipande vya chuma, vyenye upana wa sentimita tano hivi, vilivyokunjwa kimoja kimoja kufuata umbo la shaba kwa ndani.

Na hapa ndipo pa kusimama kidogo. Vile vipande havikupigiliwa kwenye shaba. Walichofanya ni kutengeneza vishikio vya shaba vyenye umbo kama tandiko la punda, wakavikalisha juu ya kipande cha chuma, kisha ncha mbili za tandiko ndizo zikapigiliwa ribiti kwenye ngozi. Kipande cha chuma kinapita katikati ya tandiko bila kufungwa. Kinaweza kuteleza mbele na nyuma. Kwa maneno ya gereji, kinacheza.

Kwa nini? Chukua kalamu. Shaba ikipata joto hurefuka kuliko chuma. Tuseme kati ya usiku wa Januari na mchana wa Julai kuna tofauti ya nyuzi 50 kwenye ngozi ya sanamu, na kwa shaba iliyokaa juani hizo si nyingi. Kwa kimo cha mita 46, shaba ingetaka kurefuka milimita zinazokaribia 40, na chuma kiasi cha 28. Hiyo tofauti ya milimita 12 lazima ipate pa kwenda. Ungekuwa umevikaza pamoja, kila kiangazi kingevuta ribiti, kila baridi ingezirudisha, na baada ya miaka michache ngozi ingechanika kwenye matundu. Halafu kuna upande wa jua na upande wa kivuli, ambavyo havipati joto sawa kwa wakati mmoja. Tandiko lilimaliza ugomvi huo wote kwa kukubali kwamba kila metali ina tabia yake.

Watu wa pwani hawahitaji Mfaransa kuwafundisha hili. Mtepe, ile jahazi ya kale ya Wabajuni na watu wa Lamu, haukuwa na msumari hata mmoja kwenye mbao zake. Mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Wimbi likija, chombo kinajinyoosha, kinajikunja, kinalipisha lipite. Msumari ungekataa kulipisha, na kwenye bahari kitu kinachokataa kulipisha huvunjika. Sisemi Eiffel aliuona mtepe. Nasema mshonaji wa Faza na mhandisi wa Paris walipewa swali moja na wakatoa jibu la ukoo mmoja.

Basi kama ufundi ulikuwa mkubwa hivi, mbona miaka ya 1980 walikuta mama wa watu yu hoi?

Niruhusu nianze na bomba langu. Miaka michache iliyopita nilijengewa kitenki cha maji nyuma ya nyumba. Fundi akaunga koki ya shaba moja kwa moja kwenye bomba la chuma lililopakwa zinki, akaondoka na fedha yake. Nyumba iko karibu na bahari, hewa ni ya chumvi. Haukupita muda mrefu, pale walipokutana shaba na chuma pakaota upele wa kahawia, kisha pakaanza kutoa machozi, kisha siku moja asubuhi koki ikabaki mkononi mwa binti yangu. Chuma kilikuwa kimeliwa kama mhogo ulioshambuliwa na panya. Shaba yenyewe ilikuwa inang'aa, haina hata kovu. Ndivyo metali mbili zinavyofanyiana zikigusana penye maji ya chumvi: zinageuka betri, na mnyonge wa wawili hao, ambaye hapa ni chuma, ndiye anayelipa.

Eiffel alilijua hili. Alitia asbesto iliyolowekwa lakiri kati ya ngozi na mifupa ili visigusane. Kwa zana za wakati ule ilikuwa kinga ya heshima. Lakini asbesto ile ilikauka, ikapukutika, na nyingine ikafyonza unyevu ikawa mbaya kuliko kutokuwapo. Maji yaliingia kutoka kwenye mwenge na kwenye maungio, mvuke wa pumzi za wageni ukaongezea, na pembeni kuna bahari. Chuma kikaanza kuliwa. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo vile vipande vikavimba ndani ya matandiko. Vikabana. Vikaacha kuteleza. Vilipobana, ngozi ikawa haina pa kwenda kiangazi kikifika, na ribiti zikaanza kung'oka kwa wingi. Kutoka nje hukuweza kuona chochote. Watalii waliendelea kupiga picha. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na sijawahi kuona mahali methali hiyo ilipotimia neno kwa neno kama ndani ya vazi hili.

Tazama jinsi balaa lilivyokuja. Sanamu haikudhoofika kwa sababu ilikuwa inacheza. Ilidhoofika siku ilipoacha kucheza.

Matengenezo yaliyofanyika kabla ya sherehe za miaka mia, Julai 1986, yalikuwa kama kumfanyia mgonjwa upasuaji akiwa amesimama. Sanamu nzima ilizungushiwa jukwaa la mabomba. Vipande vya wavu vilitolewa vichache vichache, kutoka pande mbalimbali ili mwili usielemewe upande mmoja, na kila kilichotoka kilipelekwa kuwa mfano wa kukunjia kipya cha chuma kisichoshika kutu. Hakuna viwili vilivyofanana. Kila kimoja ni mkunjo wa vazi mahali fulani. Ndani kulikuwa na matabaka ya rangi za miongo mingi, na shaba laini haitaki kusuguliwa kwa mchanga, kwa hiyo wakainyunyizia naitrojeni ya maji, yenye baridi kali, rangi ikakakamaa na kujibandua yenyewe. Chini yake kulikuwa na lami ya makaa ya mawe iliyokataa kutoka. Hiyo wakaipulizia baking soda. Ndiyo, ile ya jikoni. Nyingine ikapenya kwenye maungio ikatokea nje na kuacha michirizi ya buluu kwenye kijani, ikabidi waisafishe upesi.

Na kati ya shaba na chuma kipya waliweka nini badala ya asbesto? Tepu ya tefloni. Fundi wa pili niliyemwita kwa ajili ya koki yangu alitoa mfukoni kijigurudumu cha tepu nyeupe, akazungushia nyuzi za bomba, kisha akachomeka kipande cha plastiki katikati. "Hizi mbili usiziache zigusane, mzee," akaniambia. Nilitaka kumwambia kwamba yeye na waliotengeneza sanamu ya New York wamesoma darasa moja, ila alikuwa na haraka ya bodaboda.

Kijani cha nje, kwa upande mwingine, ni habari njema. Sanamu ilipowasili ilikuwa na rangi ya senti mpya, ya hudhurungi. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa imegeuka kijani chote, na zikatengwa fedha za kuipaka rangi. Wananchi wakaja juu. Wahandisi wa jeshi wakaichunguza na kukuta kwamba ule ukoga wa kijani ni ngao: shaba imejifunika yenyewe na kuacha kuliwa. Mara moja moja umma unaopiga kelele bila kusomea kitu huwa sahihi.

Mwenge haukuwa na bahati hiyo. Bartholdi aliukusudia uwe umepakwa dhahabu na kumulikwa kutoka nje. Wamarekani walitaka uwake kwa ndani. Walianza kwa kutoboa matundu, na mwaka 1916 wakaenda mbali zaidi, wakakata shaba ya mwali na kuweka vioo 250 hivi vya rangi ya kaharabu. Kilipendeza sana usiku. Kila kioo kilikuwa na ukingo, kila ukingo ulivuja, na mvua iliyoingia hapo ilishuka mkononi na kuingia mwilini kwa karibu miaka sabini. Mwenge ule haukutibika. Ulishushwa, mafundi wa Kifaransa wakagonga mpya kwa mtindo ule ule wa nyundo na kalibu, wakaufunika kwa dhahabu, taa zikawekwa nje. Walirudi alikokuwa amesema mchongaji tangu mwanzo. Nimekuwa nikifikiri kwamba uharibifu mwingi wa vitu vya kudumu hufanywa na watu wenye nia ya kuvipendezesha.

Kosa jingine lilikuwa la siku ile ile ya kusimamisha. Kichwa kilikaa sentimita 60 nje ya mahali pake kwenye michoro, na bega la mkono wa mwenge likapishana na kiunzi chake. Matokeo yake mkono ulikuwa na udhaifu wa kuzaliwa nao, na mwali mmoja wa taji ulikuwa ukiugusa mkono upepo ukivuma, ukautoboa. Nani alikosea hasa, wataalamu wanabishana hadi leo. Mwaka 1886 walikuwa na haraka. Mapande 350 yalikuwa yamekaa kwenye makasha 214 tangu meli iitwayo Isère ilipoyashusha Juni 1885, yakisubiri kitako kikamilike, na kitako kilikuwa kimekwama kwa sababu ya fedha.

Hilo la fedha lina funzo linalotuhusu. Wafaransa walichangia sanamu, Wamarekani wakatakiwa wachangie kitako tu, zege na mawe. Matajiri wa New York waligoma. Sura ya mwanamke mzuri inachangisha, zege halichangishi. Mpaka mwenye gazeti, Joseph Pulitzer, alipoahidi kuchapa jina la kila atakayetoa hata senti, ndipo watu zaidi ya 120,000 wakatoa zaidi ya dola 100,000, wengi wao chini ya dola moja kila mtu. Watoto walitoa fedha za peremende. Kile kitako ndicho kinachoishika sanamu isiondoke na upepo: mihimili ya chuma imepitishwa ndani ya kuta zake, na uti wa mgongo wa Eiffel umefungwa humo kwa vyuma vya kuvuta. Wenye senti ndio walioishika sanamu isianguke, na hakuna hata mmoja wao aliyepata umbo ndani yake.

Miaka mia na thelathini baadaye, huko Gujarat, India, njia ikawa nyingine kabisa. Sanamu ya Umoja, ya mpigania uhuru wa India Sardar Vallabhbhai Patel, iliyozinduliwa Oktoba 31, 2018, ina kimo cha mita 182, karibu mara nne ya mama wa New York. Mchongaji ni Ram Sutar, mkandarasi Larsen & Toubro, gharama karibu rupia bilioni 30. Ndani si mnara mwepesi wa vyuma bali ni silinda mbili za zege, moja kwa kila mguu, zenye lifti ndani yake. Juu yake kuna kiunzi cha chuma, na juu ya kiunzi mabamba ya bronzi yaliyosubiwa China, jambo lililowauma Wahindi wengi na sishangai. Wakulima nchi nzima walikuwa wameombwa watoe majembe yao yaliyochakaa ili chuma chake kiingie kwenye sanamu. Kikakusanywa, kikaishia sehemu nyingine za mradi. Na wanavijiji wa Kiadivasi, wenyeji wa asili wa maeneo yale, waliandamana wakidai ardhi yao siku ile ile viongozi wakipiga makofi.

Kihandisi, tatizo la Patel ni miguu. Mchongaji alitaka mzee aonekane anatembea, kavaa dhoti na ndara. Mtu anayetembea huachanisha miguu, na vifundo vya miguu ni vyembamba kuliko mabega. Jengo la kawaida ni pana chini, jembamba juu. Hili ni kinyume chake, limesimama kwenye bonde la mto Narmada linalosukuma upepo kama bomba. Walilisanifu likabili upepo wa kilomita 180 kwa saa. Na pamoja na zege lote lile, bado walilazimika kuweka ndani vizuia mtikisiko viwili, kila kimoja uzito wa tani 250, vinavyoning'inia. Sanamu ikiegemea kushoto, uzito huo huchelewa na kuivuta kulia. Ina maana hata zege la mita 182 limeruhusiwa kucheza. Tofauti ni kwamba hapa kuna kitu kinachocheza kwa niaba yake.

Sasa turudi Afrika. Dakar wanayo sanamu ya Ufufuko wa Afrika, mita 49, ndefu kidogo kuliko ya New York ukiacha kitako. Iliundwa na kampuni ya Mansudae ya Korea Kaskazini, ikazinduliwa Aprili 2010 juu ya kilima cha Mamelles, mbele ya bahari ya Atlantiki, chini ya Rais Abdoulaye Wade. Mjadala wake niliufuatilia kwa hamu. Watu walibishania dola milioni 27 na ardhi iliyolipia. Maimamu walilalamikia paja la mwanamke. Wade akasema asilimia 35 ya mapato ni yake kwa kuwa wazo ni lake, na hapo watu wakapandwa na mori, kwa haki kabisa. Katika kelele zote hizo sikumsikia mtu akiuliza hewa ya chumvi inaingilia wapi na nani ana ngazi.

Si Wasenegali peke yao. Mwaka 1883, wakati mafundi wa Paris wakipigilia ribiti za yule mama, Sultan Barghash alikuwa anamaliza Beit al-Ajaib pale Forodhani, Unguja: nguzo za chuma zilizoletwa kwa meli, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, roshani pande zote, uso umeikabili bahari ile ile inayokula koki zetu. Ni rika moja, mama na jumba hili. Ndani yake, kwenye ukumbi, uliwekwa mtepe uliojengwa upya ili vijana wauone. Mwaka 2012 kipande cha roshani kiliporomoka. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, sehemu kubwa ya upande wa mbele ikashuka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafariki. Wengi tulikuwa tumepiga picha mbele ya jumba lile mara zisizohesabika. Ni wangapi tuliinua macho kutazama nguzo inapokutana na dari?

Kule New York mgeni haruhusiwi kupanda hadi kwenye mwenge tangu mwaka 1916, mlipuko wa ghala la silaha ng'ambo ya maji ulipoutikisa mkono. Lakini njia haikuzibwa. Ndani ya mkono ule kuna ngazi ya chuma nyembamba, kama mita 12, na mfanyakazi wa hifadhi hupanda humo, bega likigusa shaba huku na huku, kwenda kuziangalia taa. Siku za upepo anapanda kitu kinachotembea.